Chuma Kikikosa Mahali Pake

Mwishoni mwa mwaka 2024, jarida la tiba la JAMA Neurology lilitoa matokeo ya jaribio la dawa lililofanyika Australia. Watu 81 wenye ugonjwa wa Alzheimer katika hatua zake za mwanzo walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Watu 53 walimeza deferiproni, dawa inayonasa madini ya chuma mwilini ili yatoke kwa njia ya mkojo, na 28 walimeza vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Baada ya mwaka mmoja, picha za ubongo zilionyesha kwamba dawa ilifanya kazi iliyotumwa. Chuma kilipungua katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, wakati kwa wasiopewa dawa kiliongezeka kidogo. Lakini vipimo vya akili vilitoa habari nyingine kabisa: waliomeza dawa walizorota haraka kuliko wenzao. Kwa miongo kadhaa wanasayansi wamekuwa wakisema kwamba chuma kinachorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer huharakisha kupotea kwa akili. Sasa chuma kimetolewa, na mgonjwa amezidiwa. Msomaji ana haki ya kuuliza kama yale ya awali yalikuwa uongo. Kwa maoni yangu hayakuwa uongo, na jaribio hili nalo si la kutiliwa shaka kwa sababu tu limetuudhi. Matokeo ya zamani na haya mapya yanaweza kukaa pamoja, mradi tukubali kwamba swali la kiasi gani cha chuma kimo ubongoni ni swali dogo. Kubwa ni kiko wapi, na kimeshikwa na nini.

Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne hivi za chuma, na sehemu kubwa imo kwenye damu, ikibeba hewa ya oksijeni. Sehemu inayoingia ubongoni ni ndogo, ila kazi zake ni nyingi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na nishati hiyo haizalishwi ndani ya seli bila chuma. Vilevile chuma huhitajika kutengeneza mailini, ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva ili ujumbe upite kwa kasi, na kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na mwendo, hamu na umakini. Kwa hiyo ubongo unakitaka chuma, lakini unakishika kwa tahadhari kubwa. Kinaingia kikiwa kimebebwa na protini iitwayo transferini, kinahifadhiwa ndani ya nyingine iitwayo feritini, ambayo molekuli yake moja inaweza kufungia hadi atomu 4,500, na kinatoka nje ya seli kwa kupitia mlango wa protini ya tatu, feropotini. Sababu ya ulinzi wote huo iliandikwa mwaka 1894 na mkemia Mwingereza Henry Fenton, aliyeonyesha jinsi chuma na haidrojeni peroksaidi vinavyoshirikiana kuunguza kemikali nyingine kwa ukali. Haidrojeni peroksaidi huzalishwa kila siku ndani ya seli zetu kama taka ya kawaida ya uhai. Ikikutana na chuma kisichofungwa, huzaliwa chembe kali zinazoharibu protini, vinasaba na hasa mafuta ya kuta za seli, na ubongo umejaa mafuta. Mafuta ya taa yakiwa ndani ya kandili huangaza nyumba. Yale yale yakimwagika kwenye mkeka kando ya jiko, hayajaongezeka hata tone, lakini nyumba iko hatarini.

Kwamba ubongo una chuma si habari ya juzi. Daktari Alois Alzheimer alieleza mgonjwa wake maarufu mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, mwaka 1906, akionyesha mabaka ya protini nje ya seli za neva na mafundo ya nyuzi ndani yake. Wakati huo rangi ya buluu iliyobuniwa na Mjerumani mwingine, Perls, mwaka 1867, ilikuwa tayari inatumika kufichua chuma kwenye vipande vya nyama ya mwili. Mwaka 1953 Louis Goodman aliripoti chuma katika bongo za waliofariki wakiwa na Alzheimer, na mwaka 1958 Hallgren na Sourander wa Sweden walipima chuma katika bongo za watu wa rika mbalimbali na kugundua jambo ambalo mpaka leo linasahaulika kirahisi: chuma cha ubongo huongezeka kwa kila mtu, kwa kasi kubwa tangu utotoni hadi miaka ya thelathini hivi, kisha polepole. Mtu mzima mwenye akili timamu ana chuma kingi ubongoni kuliko mtoto, na hilo halimdhuru. Wingi pekee, basi, haukuwa dalili ya ugonjwa tangu mwanzo.

Ushahidi wenye uzito ulikuja baadaye, wakati watafiti walipoacha kulinganisha wagonjwa na wazima tu, wakaanza kuwafuata watu kwa miaka. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 katika Nature Communications ulipima feritini katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo ya Wamarekani 302. Baadhi yao hawakuwa na tatizo lolote, wengine walikuwa na usahaulifu wa kiasi, na wengine walikwisha kuugua. Walifuatiliwa kwa muda wa hadi miaka saba. Waliokuwa na feritini nyingi mwanzoni walikuwa na matokeo mabaya zaidi kwenye vipimo vya akili, na wale wenye usahaulifu wa kiasi miongoni mwao walielekea kuingia kwenye Alzheimer mapema. Baadaye timu ya Australia iliyofanya utafiti huo, ikishirikiana na watafiti wa Chicago wanaofuatilia wazee waliokubali kutoa bongo zao kwa sayansi baada ya kufa, ilipima chuma katika bongo 645. Miongoni mwa waliokutwa na mabaka na mafundo ya Alzheimer, wale wenye chuma kingi katika sehemu ya chini ya pembeni mwa ubongo ndio walioporomoka kiakili kwa kasi zaidi katika miaka iliyotangulia kifo. Hili ni la kushangaza kidogo. Madaktari wanajua kwamba wapo wazee wanaokufa na ubongo uliojaa mabaka ilhali walikuwa wakiongoza vikao vya ukoo mpaka mwisho. Kitu fulani hutenganisha mwenye mabaka anayesahau na mwenye mabaka asiyesahau, na chuma ni mmoja wa washukiwa wazuri.

Pingamizi la kwanza ni zuri, na halipaswi kupuuzwa. Linasema kwamba chuma ni mabaki tu. Seli zikifa, chuma chake hubaki. Ubongo ukisinyaa, chuma kile kile huonekana kingi kwa sababu kimebanwa mahali padogo, na seli za ulinzi zinazomeza taka hujaa chuma kutokana na kazi yao. Kama ndivyo, kukihesabu chuma ni kuhesabu maiti, na haielezi nani aliua. Jibu la sehemu linatoka Graz, Austria, ambako mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha tiba walichapisha vipimo vya picha za MRI vya wagonjwa 100 wa Alzheimer na watu 100 wasio na ugonjwa huo. Baadhi ya wagonjwa walipimwa tena baada ya takriban miezi 17. Ongezeko la chuma katika sehemu ya pembeni ya ubongo lilikwenda sambamba na kushuka kwa uwezo wa akili, hata baada ya kuzingatia kiasi ambacho ubongo ulikuwa umesinyaa. Feritini ya mwaka 2015 nayo ilitabiri mambo ya mbele na si ya nyuma. Hata hivyo, kutabiri si kusababisha. Mawingu hutabiri mafuriko ya Jangwani pale Dar es Salaam, lakini mitaro iliyoziba ina lake la kueleza. Ninachokubali ni kwamba sehemu ya chuma kinachoonekana ni mabaki kweli. Ninachokataa ni kwamba chote ni mabaki.

Sababu ya kukataa inatoka kwenye magonjwa adimu ya kurithi. Kuna watu wanaozaliwa bila protini iitwayo seruloplasmini, inayosaidia chuma kutoka kwenye seli. Wakifika utu uzima wa kati hupata kisukari, uharibifu wa macho, matatizo ya mwendo, na wengi hupoteza akili, na bongo zao zinapochunguzwa hukutwa zimejaa chuma. Hapo hakuna wa kusema chuma kilikuja baada ya seli kufa, kwani kosa la kusafirisha chuma ndilo lililotangulia. Lakini tuangalie na upande wa pili. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, ulioenea zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ambao mwili hufyonza chuma kupita kiasi kutoka kwenye chakula kwa miaka mingi. Mzigo mkubwa hubebwa na ini, moyo, kongosho na viungo, si na ubongo. Wa kwanza wana mlango uliovunjika ndani ya ubongo wenyewe, wa pili wana chuma tele mwilini huku ubongo ukilindwa na ukuta wake dhidi ya damu. Ukiwaweka hawa wawili pamoja, hoja ya wingi inabaki haina pa kusimama.

Na katika Alzheimer, nani aliyeharibu mlango? Hapa kuna nadharia inayonivutia, ingawa ushahidi wake mwingi unatoka kwa panya na seli za maabara. Mabaka ya Alzheimer hutokana na kipande cha amiloidi kinachokatwa kutoka kwenye protini kubwa zaidi. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kwamba protini hiyo kubwa hushirikiana na feropotini ili chuma kitoke kwenye seli. Mwaka 2012 walionyesha kwamba tau, protini inayotengeneza yale mafundo, husaidia kuifikisha protini hiyo kubwa mahali pake. Kwa hiyo protini zile zile zinazoharibika katika ugonjwa huu zinaonekana kuwa na kazi katika kukitoa chuma, na zikiharibika chuma hukwama ndani. Mwaka huo huo wa 2012 kikundi cha Brent Stockwell katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilieleza aina ya kifo cha seli kinachotegemea chuma, mafuta ya kuta za seli yakiungua mpaka seli inavunjika, na kukiita feroptosisi. Ukiunganisha vipande hivi unapata picha ya seli yenye balaa mara mbili: chuma kilichokwama kinachoma kuta, wakati huo huo pale kinapotakiwa, kwenye viwanda vya nishati na vya dopamini, huenda hakifiki cha kutosha. Ni picha, si hukumu. Ila inaeleza jambo ambalo hoja ya wingi haiwezi kulieleza.

Jambo lenyewe ni jaribio la Australia. Deferiproni haikutengenezwa kwa ajili ya ubongo. Ilitengenezwa kwa wagonjwa wa talasemia, ambao huongezewa damu mara kwa mara mpaka chuma kinajaa kwenye moyo na ini. Ni ugonjwa unaojulikana sana Oman na nchi za Ghuba, na huko, kama kwa baadhi ya wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu, dawa za kunasa chuma zimeokoa maisha. Kwa mgonjwa wa talasemia ziada ni ziada, toa popote utakapoikuta. Ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer haukujaa chuma kwa namna hiyo. Dawa ikiingia haibagui chuma kilichomwagika na kile kilicho kazini. Waliopewa deferiproni Australia walizorota zaidi katika vipimo vya kupanga mambo na kufanya maamuzi, kazi zinazotegemea sehemu ya mbele ya ubongo, na picha zilidokeza kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyosinyaa zaidi kwao. Wanne kati ya 53 walipungukiwa na chembe nyeupe za damu, athari inayojulikana ya dawa hii. Miaka miwili kabla, jaribio kubwa zaidi la Ulaya kwa wagonjwa 372 wa Parkinson waliokuwa hawajaanza tiba ya kawaida lilikuwa limetoa onyo lile lile. Chuma kilipungua kwenye sehemu ya ubongo iliyotarajiwa, lakini asilimia 22 ya waliopewa deferiproni walilazimika kuanzishiwa dawa za dopamini kwa sababu hali yao ilizidi, dhidi ya asilimia 2.7 ya wasiopewa. Kimeng'enya kinachotengeneza dopamini hakifanyi kazi bila chuma. Ukiwanyang'anya chuma watu ambao dopamini yao ni haba tayari, usishangae wakishindwa kutembea.

Wapo watakaosema kwamba nadharia ya chuma imekwisha, na wengine watakaojitetea kwamba watu 81 ni wachache na mwaka mmoja ni mfupi. Utetezi huo una ukweli, lakini mimi siutegemei. Jaribio dogo linaloonyesha madhara si sawa na jaribio dogo lisiloonyesha kitu. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mwaka 1991 huko Toronto, Kanada, wagonjwa 48 walifuatiliwa kwa miaka miwili, na waliodungwa desferoksamini, dawa nyingine inayonasa chuma, walipoteza uwezo wa kujihudumia polepole zaidi kuliko wasiodungwa. Ni kweli, lakini jaribio lile halikufanywa kwa ukali wa leo, na lengo lake la awali lilikuwa madini ya aluminiamu, mshukiwa wa zama hizo. Tena, njia ya kuzuia kuungua kwa kuta za seli badala ya kuondoa chuma nayo imejaribiwa bila mafanikio: zaidi ya wanaume 7,500 wa Amerika ya Kaskazini walipewa vitamini E, seleniamu, vyote viwili au vidonge tupu, na ripoti ya mwaka 2017 ilisema havikuzuia ugonjwa wa kusahau. Nadharia ya chuma katika sura yake rahisi, ile ya kwamba chuma ni sumu na tukitoe, imekufa, na tuizike. Iliyobaki ni ngumu zaidi: kwamba usimamizi wa chuma umeharibika, na tiba, ikiwa ipo, itabidi kukirudisha chuma mahali pake au kuzilinda kuta za seli bila kukigusa. Wanaotafiti feroptosisi wanaelekea huko. Wenzao wa amiloidi walishindwa kwa miaka mingi kabla ya dawa ya lecanemab kuidhinishwa Marekani mwaka 2023, ikipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27 hivi katika miezi 18, faida ambayo baadhi ya madaktari wanaiona ndogo mno kulingana na gharama na hatari ya kuvuja damu ubongoni. Lakini kushindwa mara nyingi si ahadi ya kushinda, na hilo liwahusu wa chuma pia.

Pingamizi lililo karibu zaidi na jikoni ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mtu akisoma kwamba chuma kinahusishwa na Alzheimer, anaweza kuamua kumnyima bibi maini na matembele, au kuacha vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa. Afrika Mashariki hatari ya kufanya hivyo ni kubwa kuliko faida yoyote inayodhaniwa. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na ukosefu wa chuma ni moja ya sababu zake kubwa. Kwa wazee, utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliofuatilia watu zaidi ya 12,000 kwa miaka 12 kwa wastani, ulikuta kwamba waliokuwa na upungufu wa damu walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa kusahau iliyo juu kwa asilimia 34. Waliokuwa na wingi wa damu wa juu sana nao walikuwa hatarini. Chuma kilichomo kwenye damu hakisemi sana kuhusu kilichomo ubongoni, na hakuna lishe iliyothibitishwa kuhamisha cha pili kwa kupunguza cha kwanza.

Wakati huo huo, sisi si wageni wa somo la chuma mahali pasipo pake. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la Pemba, ambako maelfu ya watoto wadogo walipewa chuma na asidi foliki kila siku kama kinga. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa chuma walikufa au kulazwa hospitalini kwa asilimia 12 zaidi ya wengine, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi. Ila katika kundi dogo lililopimwa damu kabla ya kuanza, waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika. Chuma kile kile, kipimo kile kile, watoto wa kisiwa kimoja.

Kuna pengo moja katika ushahidi wote nilioueleza. Bongo zilizopimwa ni za watu wa Marekani, Australia na Ulaya. Ugonjwa wenyewe hauchagui: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na daktari kwamba huo ni ugonjwa. Watu waliokulia na malaria, minyoo na upungufu wa damu wana historia ya chuma tofauti na ya mzee wa Chicago, na namba za kule haziwezi kuhamishiwa hapa kama zilivyo. Mashine za MRI zipo katika hospitali zetu kubwa, na kipimo cha chuma cha ubongo kinahitaji programu na utaalamu zaidi kuliko mashine mpya. Mpaka vipimo hivyo vifanyike hapa kwetu, mzee anayeanza kurudia swali lile lile mara tano kwa saa hana haja ya kupimwa chuma cha ubongo. Ana haja ya kupimwa wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, virusi vya UKIMWI na kaswende, na dawa zake zote kuwekwa mezani zikaguliwe, kwa kuwa kati ya hizo zimo sababu za kusahau ambazo zinatibika.